Siku Nilipomtembeza Ndaisi

Nianze na aibu yenyewe ndio tumalizane nayo: nilimlilia farasi kuliko nilivyomlilia nyanya yangu, na Kiirua nzima ilishuhudia, kwa sababu nyanya alizikwa Alhamisi na farasi akafa Jumamosi, kabla wageni wa matanga hawajarudi kwao. Kwa nyanya nilitoa machozi ya adabu, machache, ya kutosha shangazi zangu waone nimelelewa vizuri. Kwa farasi nililia mpaka kamasi ikaingia mdomoni, nimekaa kwa matope, nimekumbatia ndoo ya maji. Mpaka leo nikipita sokoni kuna wazee wananiuliza, “Nkirote, farasi hajambo?” Nami huwajibu kwamba amelala salama na anawasalimia sana.

Huyo farasi alikuwa anakaa kwa Mama Nkatha, nyuma ya boma letu, mahali palipokuwa pananukia nyasi kavu, jasho la ngozi na mkojo mkali unaopanda puani kama vitunguu. Shamba lilikuwa la mzungu mmoja aliyeuza akaenda zake baada ya Uhuru, na Mama Nkatha aliponunua alikuta mabanda ya farasi, akaona badala ya kuyageuza ya ng'ombe, afungue bweni. Bweni kabisa, kama la shule. Watu wa Nairobi na Nanyuki waliacha farasi zao hapo, zikilishwa, zikipigwa brashi, zikisafishwa kwato, na wenyewe walikuja wikendi kuzipanda. Mimi ambaye shule niliiacha katikati kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni sijawahi kulala bweni hata siku moja. Farasi wamenishinda masomo, na sijakasirika. Walikuwa wanakula vizuri pia.

Mama Nkatha alikuwa mpole kwa farasi na mkali kwa kila kitu kingine kinachopumua. Sisi watoto wa jirani tulikuwa tunamsaidia kubeba maji na kuzoa mavi, na malipo yetu yalikuwa matusi na ruhusa ya kuwagusa farasi. Mimi wangu alikuwa Daisi, jike wa rangi ya chai ya maziwa, ambaye sisi kwa ulimi wetu wa Kimeru tulimwita Ndaisi mpaka mwenyewe akazoea. Alikuwa ananipulizia shingoni pumzi ya moto kila asubuhi kabla sijaenda shule, na mimi nilikuwa naingia darasani na manyoya yake kwa sweta, nikijiona mtu. Mama Nkatha alitufundisha yote kwa ukali: usimwendee farasi kutoka nyuma, msemeshe kabla ya kumshika, kamba usiizungushe mkononi, akitoka jasho usimpe maji mengi mara moja, na chakula asipewe na mtu yeyote ila yeye Mama Nkatha. Na juu ya yote, moyo utulie. “Hiyo kamba ni kama simu,” alikuwa anasema. “Ukiwa na hasira, anasikia. Ukiwa na uoga, anasikia. Ukiwa mjinga kama Nkirote pia anasikia, lakini hiyo haimsumbui.” Watoto wote walicheka, na mimi nikacheka kuwashinda. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu duniani.

Nyanya alipokufa, mfereji ulikuwa umekauka, na matanga bila maji ni vita. Mama Nkatha akamtoa Ndaisi abebe mitungi kutoka mtoni, huku na huku, safari baada ya safari, mimi nikimwongoza mbele nikinyoosha shingo kama bibi harusi. Bila huyo farasi watu wangekunywa machozi. Sasa, kwetu mtu akikusaidia kwa matanga hawezi kuondoka na njaa, hiyo haijadiliwi. Baada ya mazishi, kina mama walikuwa na viazi vya Kibirichia vilivyobaki na maganda yake gunia zima, sufuria ya githeri ya mahindi na maharagwe, na mukimo wa viazi vya kuponda, na mjomba wangu Baba Mutuma, mtu wa roho safi kabisa, akasema, “Na yule aliyetuletea maji, amekula?” Mama Nkatha alikuwa bado jikoni anakosha masufuria na kutukana moshi. Wakampelekea Ndaisi sehemu yake kama wanavyompelekea jirani, kwa heshima, karai limefunikwa na kitambaa. Ng'ombe angekula, acheue, alale. Ndaisi alikula yote.

Ijumaa alfajiri alikuwa anakwangua chini kwa mguu, anageuza kichwa kuangalia tumbo lake kama kuna mtu amemwita kutoka huko ndani. Jasho lilikuwa linamtoka na kuna baridi ya mlima. Kila akijaribu kulala ajigaragaze, Mama Nkatha alimwinua na kumtembeza, kwa sababu tumbo la farasi, alituambia, halijui kutapika, kilichoingia kinapita au kinaua. Baba Mutuma alikuja na kisu kidogo na mrija wa mwanzi, kile anachotobolea ng'ombe waliovimba, na ameokoa ng'ombe wengi hapo kwetu. “Niruhusu nimtoe hiyo hewa, Mama,” alisema kwa unyenyekevu. Mama Nkatha akamwangalia. “Jitoboe wewe kwanza, nione kama akili itatoka.” Mjomba akakaa juu ya jiwe, kofia mkononi, na hakuna mtu alimfariji. Mchana Mama Nkatha akaenda posta kumpigia simu mwenye farasi huko Nairobi. Aliporudi alipita moja kwa moja mpaka bandani.

Jumamosi asubuhi Mama Nkatha alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu. “Wewe Nkirote. Kuja umtembeze Ndaisi.” Mimi! Nilitoka na chai mdomoni. Akanipa kamba, akanionyesha nizunguke uwanja mdogo, kisha kila mzunguko nisogee kidogo upande wa chini, kwa miti ya mikaratusi. Nilimsemesha Ndaisi kwanza, kama tulivyofunzwa. Nilimwambia nyanya alikuwa anampenda, uongo mtupu, nyanya alikuwa anamwita punda wa wazungu. Nikamwimbia wimbo wa kwaya tulioimba kwa mazishi, lakini haraka haraka, kwa furaha, kwa sababu alikuwa ananifuata. Jana alikuwa anavutwa, leo alikuwa anakuja mwenyewe, hatua kwa hatua, pua yake begani kwangu. Masikio yaliinuka. Huko chini kwa mikaratusi wanaume waliochimba kaburi la nyanya walikuwa wanachimba tena, udongo mwekundu ukinukia mvua, na Baba Mutuma akiwa kati yao. “Mnachimba nini?” niliwauliza nikipita. “Choo ya Mama,” mmoja akasema bila kuinua kichwa. “Basi ni choo ya tembo!” nikawaambia, nikacheka peke yangu. Mzunguko uliofuata nikawapigia kelele, “Anapona! Ona masikio! Mjomba, ona, anapona!” Mjomba aligeuka akajifanya anatafuta jembe.

Tulipofika karibu kabisa na lile shimo, daktari wa mifugo wa kutoka Timau alikuwa amesimama hapo na mkoba, ameficha mkono mmoja ndani ya koti. Niliona ni vizuri, daktari amekuja kuona vile nimemponya. Mama Nkatha akachukua kamba. Sauti yake ilikuwa laini, na hiyo ilipaswa kunishtua, kwa sababu sikuwa nimewahi kuisikia hivyo, na sijaisikia tena. “Kimbia umletee maji.” Nikakimbia. Nilikuwa najaza ndoo kwa pipa niliposikia mlio mmoja, mkavu, kunguru wakaruka. Nikaendelea kujaza. Hicho ndicho kitu kinachonichekesha na kuniuma: nilijaza mpaka juu, nikaibeba kwa mikono miwili, polepole, nisimwage hata tone, nikafika nayo. Ndaisi alikuwa ndani ya shimo, miguu imekunjwa, na wanaume wameshaanza kurudisha udongo. Farasi mkubwa hivyo habebeki, sasa najua. Kama hutaki kumburuta kwa minyororo, anatembea mwenyewe mpaka kaburini, na mtu lazima amtembeze.

Hapo ndipo nikakaa chini na ndoo yangu. Na habari kwamba mnyama amekufa ilikuwa imeshafika barabarani, kwa hivyo watu wakaanza kuteremka na visu na makarai, jinsi tunavyofanya kwa ng'ombe, wakapanga foleni yao nzuri nyuma yangu. Mwanamke mmoja akaniinamia, akaniuliza kwa huruma kama nalia hivi kwa sababu nyama imeisha. Mama Nkatha akawafukuza kwa mpini wa ufagio. Mimi hakunifukuza. Alinipita kama jiwe, akaenda kusafisha banda, na Jumatatu alinitukana kama kawaida.

Siku hizi huko ni shamba la viazi, mistari imenyooka mpaka kwenye mikaratusi iliyobaki mitatu, na vinavyoota hapo chini huwa vikubwa ajabu. Mimi nauza nguo za mitumba Kiirua, nachekesha wateja mpaka wanasahau kukagua zipu. Farasi nawaona kwa simu ya mtoto wangu. Nimezika watu wengi tangu wakati huo, na kwa wote nimetoa machozi ya adabu. Kwa miaka yote nilidhani Mama Nkatha alinichagua kwa ukatili tu, kwamba alikuwa anatafuta mtoto wa kuumiza na mimi nilikuwa karibu. Juzi niko na rafiki yangu Kendi, tuliyezoa naye mavi kwa Mama Nkatha, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wachimbaji, tunakula mahindi ya kuchoma kando ya meza yangu, nikamwambia hivyo. Kendi akatema ganda la mahindi.

“Kwani hukuambiwa? Mimi ndio nilipewa hiyo kamba kwanza. Na mimi nilikuwa najua, Baba alikuwa ameniambia. Nikaishika hivi, Ndaisi akasimama. Akakataa kabisa, anatetemeka, macho yametoka. Mama Nkatha akaninyang'anya kamba. Akasema, ‘Huyu amemwambia. Wacha niende niite ile nyingine, ile inachekanga bila sababu.’”