Karafuu Mbovu za Bi Mardhiya

Bi Mardhiya binti Haroub wa Mgogoni ana sifa mbili, na zote mbili watu wanazisema mbele yake wala hawamwogopi. Ya kwanza, mche ukiguswa na mkono wake hauthubutu kufa. Ya pili, kumtoa neno la kweli kinywani ni kazi ya kutwa. Ukimkuta anakula, atakwambia anaonja. Ukimkuta barabarani amejitanda buibui, kikapu mkononi, anangoja gari ya kwenda mjini Chake, atakwambia ananyoosha miguu. Si mwongo, hasha! Hapendi tu watu wajue mambo yake.

Kwa miaka miwili alikuwa na kibanda cha miche nyuma ya nyumba, na mie nakiita kibanda kwa heshima yake tu. Nguzo sita, fito chache, na juu mbingu ya Mwenyezi Mungu. Ndani kumerundikwa makopo ya maziwa, madumu yaliyokatwa, vifuu, majembe mawili yasiyo na mipini na mpini mmoja usio na jembe. Akiulizwa lini ataezeka, hujibu "Inshaallah," kwa ile sauti ambayo kila mtu pale kijijini anajua maana yake ni usiniulize tena.

Hata siku moja ukaja upepo na mvua, ukauangusha mkarafuu wa marehemu mamake. Mti ule ulijulikana mpaka Makangale kwa kuzaa hata ile miaka ambayo mikarafuu ya wenziwe imenuna. Bi Mardhiya akalia siku mbili, waziwazi, bila ya kuficha. Siku ya tatu akaona kwenye tawi la juu kabisa, ambako wachumaji hawakufika, kumebaki matunda yameiva, mekundu ya kukoza. Mbegu! Zilijaa ndoo moja ndogo. Akafuta machozi palepale.

Lakini mbegu ya mkarafuu haina subira. Unailoweka, unaivua ganda, unaipanda siku hizohizo, tena chini ya kivuli. Ikikaukia juani, basi tena, imekufa. Na mti umeshalala chini, mbegu nyingine hazitakuja. Bi Mardhiya mbegu anazo, ameshaziloweka ndooni, kivuli hana. Ikambidi atamke maneno ambayo ulimi wake ulikuwa haujayazoea: "Njooni mnisaidie."

Wakaja wawili. Bi Nusaiba, shoga yake tangu walipokuwa wakisoma Kurani chuoni kwa mwalimu mmoja, ambaye nyumba zao zinatenganishwa na migomba tu. Na Bwana Shaame, mwezekaji wa makuti, mtu mwema sana, mkono wake hautulii hata akiwa amekaa.

Siku ya kwanza tu, Bi Nusaiba akaiona ndoo pembeni.

"Shoga, hizi si mbegu za mti wa mama? Nigaie kidogo."

"Mbegu gani?" Bi Mardhiya hakupepesa hata jicho. "Karafuu mbovu hizo. Nataka kuzifanya mbolea. Msiziguse, zitawanukia mikono."

Bi Nusaiba akaitazama ndoo, akamtazama shoga yake, akasema, "Haya." Akaendelea kupitisha makuti. Juu ya fito, Bwana Shaame alisikia yote, akasonya. Karafuu, mbovu? Toka lini?

Siku ya tatu paa lilikuwa limekwisha, bado kutengeneza chanja za kuwekea miche na kupanga vitu. Asubuhi hiyo Bi Mardhiya akaitwa aende Madungu, wifi yake anaumwa. Akaondoka huku anatoa amri mpaka sauti ikapotelea njiani: makopo yakae huku, madumu kule, na leo jioni atapanda kitu chake. Kitu gani, hakusema. Ilipofika saa tatu Bi Nusaiba naye akaenda kwake kupika, maana chakula cha siku ile kilikuwa zamu yake.

Bwana Shaame akabaki peke yake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alipiga chanja tatu, akapanga makopo kwa ukubwa, akalitia jembe moja ule mpini. Kazi ikaisha, mikono haijaisha. Macho yakaangukia ndoo.

Na wewe mfikirie mtu huyu. Amezaliwa kwenye karafuu, amelelewa pembeni ya jamvi. Tangu ana miaka sita anajua kwamba wingu likifunga unaacha hata chakula chako ukimbilie kuanua karafuu. Leo anaziona zimelala majini, na mwenyewe anasema mbovu! "Uvivu tu huu," akajisemea. "Zimezidi kuiva tu. Zikipata jua, zitafaa." Akamwaga maji, akatandika jamvi uwanjani, akazimwaga, akazitandaza vizuri, moja moja, kwa mapenzi. Kila baada ya muda akatoka kuzigeuza.

Saa nane, jua la kupasua kichwa, Bi Mardhiya akarudi. Akaingia kibandani, akasimama. Chanja zimenyooka. Makopo yamepangika. Akataka kucheka, akajizuia.

"Maashaallah, Bwana Shaame."

"Bado, Bi Mardhiya. Njoo uwanjani uone."

Akamwonyesha jamvi. Bi Mardhiya akakaa chini mchangani, na buibui lake jipya.

"Nani kafanya hivi?"

"Mie. Wala usinishukuru."

"Ni mbegu, Shaame! Mbegu za mti wa mama!"

"Mwenyewe ulisema karafuu mbovu."

"Nilisema uongo!"

Majirani wa kushoto na kulia walisikia, na wapo mpaka leo wanaotaja tarehe.

Bi Nusaiba akatokea na sinia la wali, akaona jamvi, akalitua sinia taratibu. Wote watatu wakaziokota, wakazirudisha majini, ingawa zilikwishasinyaa zikawa ngumu. Bwana Shaame alikuwa hana pa kuweka uso. Bi Mardhiya analia huku anaokota.

"Niliogopa mtaniomba," akasema. "Leo huyu, kesho yule, mti wa mama ugaiwe kama peremende. Mie nibaki na nini? Sasa ndiyo sina kabisa."

Bi Nusaiba akawa anausokota upindo wa kanga.

"Shoga, nikikwambia kitu utanipiga?"

"Nitakupiga."

"Basi sisemi."

"Sema, Nusaiba!"

"Nilikuibia. Siku ileile ya kwanza, ulipoingia ndani kusali alasiri. Viganja viwili. Nimezipanda chini ya migomba yangu."

"Ukaniibia nimo kwenye sala?"

"Ningekuibia saa ngapi, yakhe? Wakati mwingine wote unanitazama."

"Umezipanda kwenye nini?"

"Makopo."

"Makopo ya nani?"

Bi Nusaiba akatazama kando. "Yako."

Bi Mardhiya akainuka, akamcharaza kwa upindo wa kanga mara tatu, ya nne ikamshinda, akamkumbatia, akamlilia begani. "Mwizi mkubwa weye," akawa anasema, "mwizi mkubwa." Bwana Shaame, kwa kuwa hakujua afanye nini, akaanza kula wali.

Jioni ileile wakayahamisha makopo ya Bi Nusaiba kwenye chanja mpya, chini ya makuti. Zile za jamvini nazo wakazipanda, pembeni yake. Zilipita wiki sita. Za jamvini haikutoka hata moja. Katika za wizi ilitoka miche kumi na mmoja.

Bi Mardhiya alingoja mpaka imesimama vizuri, kisha akamwita shoga yake kibandani.

"Chagua wako."

Bi Nusaiba hakuona haya. Alionyesha ule mrefu kuliko yote, wenye majani sita. Bi Mardhiya akalitoa kopo kwenye chanja, akamnyooshea, wala asiliachie.

"Unatazama nini tena?" Bi Nusaiba akauliza.

"Mizizi."

"Mizizi imo ndani ya kopo, Mardhiya."

Bi Mardhiya akazidi kulishika kopo. "Naona uchungu kuutoa," akasema.

Bi Nusaiba, ambaye hucheka kila kitu, safari hii hakucheka. Alikinga mikono yake chini ya kopo akangoja, mpaka vidole vya shoga yake vikaachia, kimoja kimoja.