Wa Chini Asinyamaze

Umeme nauogopa. Naandika hilo mwanzo kabisa kwa sababu hapa Magamba watu wananiita fundi umeme, wananipisha njiani nikipita na begi la plaizi na bisibisi, na hakuna anayejua kwamba kabla sijagusa waya wa mtu huwa naenda kwanza nyuma ya nyumba yake, nasimama peke yangu mpaka niweze kurudi.

Zamani sikuwa hivi. Nilikuwa mrina asali Ugalla, na nilipanda miti ambayo vijana wa sasa wakiiangalia tu wanashika kofia. Mzinga tulikuwa tunaujua kwa sikio. Unafika juu, unaugonga kwa kifundo cha kidole, unaweka sikio. Ukivuma, wenyewe wamo, unaomba moshi. Ukiwa kimya, ni mtupu, tia mkono. Na mwenzako aliye chini, anayeshika kamba, hanyamazi hata kidogo. Anaimba, anakutukana, anasimulia mambo ya shemeji zake, ilimradi umsikie. Akikata sauti unajua kuna jambo huko chini, siafu au nyoka au chui, unashuka. Ndivyo tulivyolelewa.

Tawi likanidondosha. Nyonga haikurudi sawa, miti ikawa basi. Darasa la nne nililoishia lisingenipa kazi ya mezani, na nguzo za umeme ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia Magamba, kila mwenye nyumba anataka taa. Nikamwendea fundi mmoja wa Mpanda mjini anifundishe.

Majina siandiki. Ila walionifanya hivi nilivyo ni wawili na wanajijua. Wa kwanza ni huyo fundi. Alikuwa mdogo kwangu, mwepesi wa mdomo, ananiita mzee wa nyuki mbele ya wateja. Alinifundisha kupasua ukuta, kubeba ngazi na kuvuta waya. Testa, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka ikigusa moto, yaani waya wenye umeme, hakunipa. "Utaishika ukiiva, mzee wa nyuki. Saa hizi utaniharibia." Wa pili ni mwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha, huku huku Magamba. Alitaka vifaa vya rahisi kuliko vyote, tena bila ule waya wa kwenda ardhini, eti nyumba yenyewe si imeshakaa ardhini.

Ilikuwa mchana, katika nyumba hiyo. Mimi niko juu darini, plasta ya ukuta bado mbichi, mkono wa kushoto nimeuegemeza hapo. Fundi yuko chini. Akapiga swichi ya chumba, taa ikazima.

"Nimezima, mzee wa nyuki. Kata."

"Umezima kweli?"

"Taa si unaiona? Au nikuzimie na jua?"

Nami nikafanya la kwetu. Nikausogezea ule waya sikio. Kimya. Maisha yangu yote kimya cha namna hiyo kilikuwa na maana moja. Nikasikiliza na chini, fundi naye kimya, kainamia simu yake. Ingekuwa ni mtini, hapo ningeshuka. Sikushuka. Nikashika.

Kumbe swichi alikuwa ameifunga kwenye waya wa kurudisha umeme, badala ya ule unaouleta. Taa inazima, moto unabaki juu umekaa, unakungoja.

Watu wananiuliza iliumaje. Neno lenyewe si kuuma. Mkono haukuwa wangu tena. Nauambia achia, nao unazidi kukaza. Nilimwona mke wangu anapepeta mchele, basi, sikuona kingine. Kilichoniokoa ni uzito wangu na silingibodi ya bei rahisi. Ilipasuka, nikapita nayo mpaka sakafuni, na ule mwanguko ukaunyofoa waya mkononi.

Fundi akasema, "Sasa umegusa nini?"

Mwenye nyumba alikuja mbio. Akatazama juu, hakutazama chini. "Silingibodi yangu," akasema.

Hospitali hakufika hata mmoja wao. Vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Mjini fundi akasambaza habari kwamba nilipanda nimelewa, mimi ambaye hata wanzuki, pombe ya asali, nilikuwa natengenezea wengine. Kazi akaimalizia mwenyewe haraka haraka, akachukua chake, akaondoka.

Kwa nini niliendelea? Nyonga ni ile ile, tumbo ni lile lile. Nikaenda chuo cha ufundi, nikakaa dawati moja na watoto wa rika la wanangu, mwalimu akanianzisha upya. Testa niliinunua kabla ya viatu.

Masika yalipoanza, akaja nyumbani kwangu mama mmoja muuza maharage, mtu wa Mishamo, aliyepanga katika nyumba ile.

"Kaka, kamba yangu ya kuanikia ina siafu wasioonekana."

"Ni kamba ya aina gani?"

"Ya waya. Imefungwa kwenye bati. Nikianika, natambaliwa mikononi. Jana imenisukuma kabisa."

"Mwenye nyumba umemwambia?"

"Ameniambia nivae ndala."

Nilielewa pale pale. Bati zima lina moto, na mama huyu kila asubuhi anasimama matopeni na nguo mbichi mikononi. Siku ndala zikilowa, hakutakuwa na siku nyingine. Nikafungua mdomo nimwambie atafute fundi mwingine. Nikakumbuka fundi mwingine ni nani.

Tukaenda. Nikazima meni swichi, ile ya nyumba nzima, nikapima kila mahali kwa testa, haikuwaka, nikapima tena. Nikaegemeza ngazi. Mguu ukagoma. Tundu nililolipasua kwa mwili wangu lilikuwa limezibwa kwa kipande cha boksi.

"Mama, simama hapa kwenye swichi. Asiiguse mtu. Na uongee, usinyamaze mpaka nishuke."

"Niongee nini?"

"Chochote. Nitukane."

"Sijakuzoea kiasi hicho."

Lakini alianza. Maharage ya njano, wadudu wa ghalani, baiskeli ambayo mume wake aliiuza bila kumwambia. Nikatambaa darini na tochi mdomoni, namsikia. Nikaona. Fundi hakuwa na klipu za kushikilia waya, akapigilia msumari. Msumari umeuchoma waya katikati, ukatokeza mpaka kwenye bati.

Nikatoa plaizi. Sauti ya chini ikakatika.

Nililala juu ya zile mbao kama mtu aliyepigwa. Sikuweza kwenda mbele wala nyuma. Ndipo nikamsikia mwanaume.

"Nani kazima umeme kwangu? Toka hapo niwashe."

"Huwashi," mama akasema.

"Nyumba hii ya nani?"

"Yako. Na mtu aliye juu ni wa nani? Baba, rudisha mkono. Nina mwiko hapa na sijala tangu asubuhi." Kisha akapaza sauti. "Kaka, nipo. Amekuja mwenye nyumba, shati la bluu, tumbo limetangulia. Mikono yake naiona yote miwili. Endelea."

Nikakata. Nikavuta waya mpya, nikauweka mbali na bati. Niliposhuka, mwenye nyumba alikuwa anatazama silingibodi.

Umeme ukawashwa. Nikaipima ile kamba ya nguo mwanzo mpaka mwisho, testa ikabaki giza. Nikataka kupima tena. Mama hakungoja. Alishatoa sweta kwenye beseni, maji yanachuruzika, miguu yake mitupu kwenye tope, na akaishika kamba kwa mikono miwili. Akawa kimya.

Nikatega sikio.

Alikuwa kabana vibanio viwili vya nguo kwa meno. Akabana sweta kwa cha kwanza, akabana kwa cha pili, akageuka.

"Kaka," akasema, "mbona umeshika ukuta?"