Mishipa Ilipojibana

Mtaa mzima ulimwita Bi Pindo, kwani hakuna fundi cherehani aliyekunja pindo kama yeye, wala aliyekuwa na ulimi mkali kama wake. Asubuhi moja, akikata kitambaa, alishika kisogo, akasema, "Kichwa kimepasuka," akaanguka juu ya meza. Hakutia chumvi. Mshipa mmoja kwenye ubongo ulikuwa umepasuka kweli.

Madaktari waliuziba. Siku zilizofuata alikaa kitandani wodini, akanywa chai, akarudia kutaniana na wifi yake aliyekuwa akimuuguza. Mumewe alishusha pumzi, akarudi kazini kwake gereji.

Mchana mmoja wifi alikuwa akimnyooshea shuka. "Hata kulala hujui. Kaka yangu alioa gunia!"

Bi Pindo alitabasamu upande mmoja. "Mkasi... mkasi unachemka."

Wifi alicheka, kisha akaliachia shuka, akamwinamia. "Wifi, nishike. Kwa mkono huu wa kulia." Mkono haukuinuka. "Nesi! Nesi, njoo!"

Nesi alimtazama mara moja tu, akamkimbilia daktari. Kitanda kikasukumwa mbio akapigwe picha ya kichwa, wifi nyuma, peku.

"Hakuna mshipa mwingine uliopasuka," daktari aliwaambia, mume naye akiwa ameshafika na ovaroli yake ya mafuta. "Kuta za mishipa hutengeneza gesi, nitriki oksaidi, inayoifanya ilegee ili damu ipite. Ile damu iliyomwagika, ikivunjikavunjika, huimeza gesi hiyo. Sasa mishipa imejibana, na ubongo una kiu."

"Si mumpe hiyo gesi?" mume aliuliza.

"Ingekuwa rahisi hivyo! Tukilegeza mishipa ya mwili mzima, presha inaanguka, ubongo unakosa hata hiyo damu kidogo. Tutaipandisha presha, damu isukumwe kwa nguvu. Ila tukizidisha, moyo unaweza kushindwa."

Dripu ikafunguliwa. Mume na dada yake wakakodolea macho kioo cha mashine ya presha. Namba zilipanda, zikasita, zikapanda tena. Mume akafungua mdomo amwite mkewe.

"Mwache, kaka. Mwache kwanza."

Hatimaye daktari aliinama. "Mama, inua mkono."

Vidole viwili vikasogea. Mume akageukia ukuta.

Maneno yalirudi yote. Mkono wa kulia haukurudi wote. Siku hizi Bi Pindo hukata na kushona, ila vifungo humwachia wifi yake, ambaye huvishona vibaya hata wateja wanarudisha nguo. Bi Pindo huvifumua mwenyewe, polepole, kwa mkono wa kushoto, kisha humpa wifi avishone tena.