Kona ya Kambi Isiyolimwa

Mwaka 2014 serikali ya kijiji chetu, nje kidogo ya mji wa Kasulu, iligawa mashamba pale ilipokuwa kambi ya mgambo wakati wa vita vya Kagera. Baba yangu alikuwa mkufunzi pale enzi hizo. Akaomba kona ya juu, nyuma ya kiwanja cha gwaride, akapewa, na hakuilima. Watu wakasema mzee kaingiwa na tamaa ya uzeeni. Mimi nilijua sababu, maana alinieleza alipougua, lakini nikawa nawajibu kwamba anasubiri mbegu. Nilijichukia kila nilipolisema hilo.

Pale kalala kijana aliyefia mazoezini. Alichelewa mstarini, baba akamkimbiza na gogo begani mpaka akaanguka, na hakuamka. Mkubwa wa kambi akaamuru azikwe kimyakimya. Kwao wakaambiwa amekwenda vitani, kisha wakaambiwa hakurudi.

Mama yake ni jirani yetu. Sisi Waha salamu zetu ni ndefu: makofi ya taratibu, halafu habari za mbuzi, za maharage, za watoto. Miaka yote hiyo baba alimuuliza yule mama kila kitu isipokuwa watoto. Hakuna aliyegundua ila mimi, na mimi nilinyamaza.

Mvua za kwanza ziliponyesha yule mama alikuja kwetu na jembe lake. Baba akairefusha salamu mpaka nikaona haya. Alipoishiwa la kuuliza, yule mama akaeleza kwamba shamba alilogawiwa ni mawe matupu, na kwa kuwa kona yetu imelala bure, anaomba apande maharage.

Nilitamani baba adanganye kama mimi. Mpaka leo inaniuma kwamba nilitamani hivyo.

"Pale hapalimwi, mama," baba alisema. "Mwanao yupo pale. Hakufika vitani. Mimi ndiye niliyemkimbiza mpaka akafa, na mimi ndiye niliyemzika."

Yule mama akaketi chini, kwenye udongo mbichi. Nilidhani atatulaani, na tulistahili. Akasugua mpini wa jembe kwa kidole gumba.

"Mlimfunika na nini?" akauliza.

Baba hakuweza kumtazama.

"Hatukumfunika, mama. Blanketi lake lilikuwa mali ya kambi. Niliambiwa nilirudishe stoo, nikalirudisha."