Alhamisi ya Sitini na Moja

Hospitalini walimwita Bwana Tarehe, na jina likamkaa. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa moja. Daktari anaandika kwenye karatasi "miezi mitatu" au "miezi sita", mgonjwa anakuja nayo dirishani, naye anaishika tarehe ya leo, anaijumlishia miezi, anatazama imeangukia siku gani, anaisogeza hadi siku ya kliniki, kisha anaandika kwenye kadi na kwenye daftari kubwa. Alihesabu kwa vifundo vya ngumi, midomo ikichezacheza, na hakukosea. Tena alijiona kwa hesabu zake. Kwenye harusi ya mpwa wake alijumlisha miezi tisa papo hapo na kutangaza mtoto atazaliwa lini, mpaka mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza. Mtoto akazaliwa miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo, na ukoo mzima ukakubaliana kwamba hesabu si kila mahali.

Aliyeugua ni mkewe huyo, Mama Pacha, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya mabinti wao wawili waliokwisha kuolewa mbali. Alianza kwa kupumzika katikati ya ngazi, kisha katikati ya kufua, kisha katikati ya maneno. Ulikuwa moyo. Daktari akasema dawa yake ni kupasuliwa, na hospitali ile ilikuwa na mpasuaji mmoja wa moyo, aliyepasua mtu mmoja kila Alhamisi. Akaandika: miezi kumi na minne. Mama Pacha alipotangulia nje, daktari akamvuta mumewe kando.

"Kaka, foleni ndiyo hiyo. Lakini nisikudanganye. Kwa moyo ule, miezi kumi. Ikizidi sana."

Akarudi dirishani pake, mkewe akasimama upande wa pili na karatasi yake kama mgonjwa yeyote. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na saba mwezi wa tatu. Kumi na miwili ni mwaka, ikabaki miwili: tarehe kumi na saba mwezi wa tano, mwakani. Ikaangukia Jumatano, akaisogeza hadi Alhamisi, tarehe kumi na nane. Ilikuwa Alhamisi ya sitini na moja kutoka siku ile, na sitini zote za mbele yake zilikuwa na wenyewe. Kisha vidole, bila kutumwa, vikaihesabu na ile nyingine. Miezi kumi: tarehe kumi na saba mwezi wa kwanza.

"Lini?" Mama Pacha akauliza.

"Mwezi wa tano, mwakani."

"Aa, si mbali."

Maneno hayo hayo alikuwa amewaambia maelfu ya watu kupitia dirisha lile. Siku hiyo akaandika kadi, akamsukumia.

Sasa kuna jambo alilolijua yeye peke yake, na hakuwahi kumwambia mtu. Daftari lile lilikuwa na wafu ndani yake. Utaratibu ulikuwa kwamba mgonjwa akifa, ndugu warudishe kadi, jina likatwe, na foleni yote isogee karibu kwa wiki moja. Lakini nani aliyefiwa akakumbuka kadi? Kuwapigia simu ilikuwa kazi ya karani, yaani yake mwenyewe, na hakuifanya hata siku moja. Utampigiaje mtu umuulize kama mgonjwa wake bado yu hai? Aliona aibu, akaiita heshima. Basi Alhamisi ikifika ya marehemu, chumba cha upasuaji kinalala wazi, mpasuaji anakunywa chai, na walio hai wanaendelea kungoja. Mwungwana gani huyo? Aibu yake iliwagharimu watu roho zao, na aliitambua siku ilipofika zamu ya nyumba yake.

Akaanza kupiga simu. Alikuwa ameshahesabu: ili mkewe awahi, foleni ilipaswa kusogea wiki kumi na nane. Kwa maneno mengine, alihitaji wafu kumi na wanane.

"Habari za hapo? Napiga kutoka hospitali. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu."

Naye, Mungu amsamehe, akajikuta amenuna. Akipata "ametutoka mwezi uliopita", alisema poleni sana huku kalamu imeshakata jina. Asiyepokea alihesabiwa mzima. Wiki mbili zilipokwisha alikuwa na kumi na mmoja, na namba za kupiga zilikuwa zimekwisha.

Nafasi ya kwanza kuachwa wazi ilikuwa ya mwezi wa sita, mwaka ule ule. Kwa haki ilikuwa ya fundi cherehani mmoja aliyepangiwa wiki iliyofuata. Bwana Tarehe akaandika hapo jina la mkewe, kwa penseli. Muuguzi mkuu akaliona, akageuza uso.

"Mimi sijaona kitu, kaka."

Kesho yake asubuhi fundi cherehani akaja, ameshika nondo za dirisha ili avute pumzi.

"Karani, sikusumbui. Nimepita tu kuona kama jina langu limo. Daktari anasema kwangu mimi hata wiki moja ni kitu kikubwa."

Karani akafuta. Alijiambia atachukua nafasi itakayofuata, lakini hiyo nayo ilikuwa na mtu wake, na baada ya kumwona fundi kila jina daftarini lilimtazama. Akasogeza foleni yote kwa haki. Mama Pacha akafikia tarehe mbili mwezi wa tatu, wiki sita zaidi ya alizopewa.

Usiku hakulala vizuri kwa siku kadhaa, na Jumapili moja baada ya chakula akamweleza mkewe kila kitu.

"Kwa hiyo uliniandika," Mama Pacha akasema.

"Niliandika."

"Halafu ukanifuta."

"Nikakufuta."

Akageukia ukutani, na kwa siku mbili hakumsemesha. Siku ya tatu akaomba chai. Hakulitaja tena jambo lile, na mumewe angefurahi kama angetukanwa.

Fundi cherehani alipasuliwa akapona, na anashona hadi leo. Mama Pacha alifariki Jumapili moja mwezi wa kumi na moja, miezi minane na siku tatu tangu apewe karatasi. Hata hesabu ya daktari haikutimia.

Siku ya tano mumewe akarudi kazini na kadi mfukoni. Akakata jina kwa kalamu ya wino, akampigia aliyefuata, dereva mmoja wa lori. Dereva akaja mbio kadiri moyo wake ulivyomruhusu.

"Utaingia wiki moja kabla," karani akamwambia. "Alhamisi, tarehe mbili."

Dereva akacheka kwa furaha, akapiga kofi ubao wa dirisha.

"Mungu mkubwa! Nani huyo kanipisha? Niambie nikamshukuru."

"Mke wangu."

Kadi mpya ilikuwa mkononi mwa dereva, na hakujua aishike au airudishe.

"Nenda ukapimwe damu," karani akasema. "Maabara wanafunga saa tisa."