Salamu Mbele ya Kamera

Twaha wa Gare hajui kutulia hata akiwa ameketi. Goti linacheza, kidole kinagonga usukani, na kirikuu alichokisheheni kabichi kinateremka kwenda Lushoto mjini kana kwamba kabichi zitaota miguu zimkimbie. Gari si lake, ni la Mzee Selemani, na mwaka huu hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Kisa ni kamera. Waliipandisha juu ya nguzo mbele ya shule ya msingi anakosoma binti yake Hawa, pale pale kwenye kituo cha mabasi ya Mtae, baada ya mtoto mmoja kugongwa akitokea nyuma ya gari lililoegeshwa. Ukisimama kwenye mistari ya njano inakupiga picha, na taarifa inaingia kwenye simu ya mwenye gari. Twaha keshapigwa mara mbili. Mzee Selemani hakugomba. "Ya tatu, Twaha, ufunguo nampa mtu mwingine," alisema, akaendelea kunywa chai yake.

Msimwone mzembe. Kilichomponza ni adabu. Bibi Mwanaidi, mama mkwe wake, anauza mapeasi kando ya mistari ile, na Msambaa aliyelelewa akaleleka hamwamkii mkwe kwa honi. Anazima gari, anashuka, anavua kofia, anainama na kusema shikamoo. Ataulizwa habari za watoto, na atajibu mmoja mmoja. Kamera haina mkwe, inaona gari tu. Na kumwambia mama mkwe kwamba salamu yake inamtia matatani? Ulimi ungemkauka kwanza.

Jumatatu hii alifika pale. Bibi Mwanaidi alikuwa amesimama, macho barabarani. Twaha alimwona, na akajua naye ameonekana. Hakugusa breki. Akapita.

Siku nzima jambo lile halikumtoka kichwani. Sokoni alishusha kabichi kwa mteja asiye wake, akazipakia upya, akagombana bure na mchukuzi. Alikuwa na aibu, ile inayomfanya mtu mzima aongee peke yake. Alasiri aliegesha mbali, kule juu karibu na kanisa la Walutheri, akashuka kwa miguu na kilo ya sukari mkononi. Mama mkwe hakuwepo kituoni. Akamfuata hadi nyumbani.

"Shikamoo, mama."

Bibi Mwanaidi aliitikia. "Marahaba, baba Hawa. Leo ulipita."

"Nilipita, mama. Nisamehe. Ile kamera..."

"Nilisimama makusudi, nione kama utasimama." Akamsogezea kigoda. "Ulipopita nikashusha pumzi. Kamera ile tuliiomba sisi tunaouza pale, na mkutanoni mimi ndiye niliyenyoosha mkono nikasema. Halafu anayesimama kwenye mistari ni mkwe wangu, tena kwa ajili yangu. Mkwe hakaripiwi. Nikanyamaza."

Goti la Twaha lilikuwa limetulia.

"Ile mara ya pili ulikuwa umeinama unaniamkia," aliendelea. "Mtoto akachomoka nyuma ya kabichi zako, na basi la Mtae hilo linakuja. Dereva alifunga breki mpaka abiria wakapiga mayowe."

Twaha aliyakumbuka mayowe yale. Alidhani watu wanagombea viti, wala hakugeuka.

"Alikuwa mtoto wa nani, mama?"

"Wa shule," alisema Bibi Mwanaidi. "Sare yao ni moja, mwanangu. Hata mimi sikujua kwamba si Hawa mpaka alipogeuka."

Twaha akaiweka sukari chini, akauliza kama Hawa keshatoka shule.