Banda la Watoto wa Mgambo

Mpaka leo nikipita karibu na mbolea ya kuku nasikia kichefuchefu. Majirani zangu hapa Malindi ya Lushoto wanaona najidai, eti nimesahau shamba. Sijasahau kitu. Harufu ile ndiyo ya banda tulilopewa kulaza watoto wetu wakati wa mafunzo ya mgambo.

Binti yangu alikuwa na miezi minane, bado ananyonya. Baba yake alikuwa Magoma, kule bondeni, na mahindi yake, anapanda mlima kuja huku akijisikia. Mimi nilitaka kazi ya ulinzi, na mjini Lushoto ukiomba kulinda hoteli au duka la maana, swali la kwanza ni kama una cheti cha mgambo. Huna, geuza. Basi nikajiandikisha. Asubuhi tunapiga kwata kwenye uwanja wa shule, mchana kila mtu anarudi kwenye kabichi zake.

Wenye watoto wachanga tulikuwa wachache. Tulimfuata afande aliyekuwa anatufundisha, tukamwamkia, tukamwomba mahali pa kuwaweka watoto, maana ukungu wa mwezi wa saba si mchezo. Alicheka mpaka tumbo likatikisika.

"Hili ni jeshi, akina mama, siyo chekechea."

Halafu akatuonyesha banda nyuma ya uwanja, lililokuwa likihifadhiwa mbolea ya kuku. Tulifagia, tukamwaga maji, tukatandika mikeka na khanga. Wapi! Uvundo ulikuwa umeingia kwenye mbao zenyewe. Mtoto ukimchukua kumnyonyesha, nywele zinanuka kinyesi cha kuku. Nilikuwa namnyonyesha nimegeuza uso pembeni.

Tukakubaliana tuwe tunapokezana, kila siku mmoja anabaki bandani. Afande tukamwambia. Akasema, "Sawa, pangeni zamu, mimi sina neno." Nasi tukaridhika, kwa sababu huku kwetu tukienda kulimiana, anayebaki kupika na kushika watoto naye amelima. Hakuna anayemuuliza jembe lake liko wapi. Tulidhani na jeshini watu wana akili hiyo.

Sasa watoto wakanizoea mimi. Nikiwa bandani wanalala, akiwa mwingine wanalia mpaka uwanjani hakusikiki amri. Wenzangu wakaanza, "Dada yangu, kaa nao na leo, wangu kwako hasumbui." Kesho yake tena, "Dada, nisaidie." Nikawa nakaa. Kwata nilikuwa nachungulia kwenye nyufa za mbao, jioni najizoeza peke yangu katikati ya matuta, fimbo begani, mtoto mgongoni. Mama mkwe wangu alikuwa ananitazama kutoka mlangoni, anatikisa kichwa.

Siku chache kabla ya kufunga mafunzo, afande akatupanga mstari akasoma majina ya waliofuzu. Langu halikuwemo.

"Wewe gwaride hukuwepo," akaniambia.

"Afande, si nilikuwa bandani na watoto? Na ulisema sawa."

"Nilisema mpange zamu. Nimesema cheti kinatolewa kwa kubembeleza watoto?"

Niliwatazama wenzangu. Wote macho chini. Na wote walikuwa wamefuzu. Yaani nilisikia mwili mzima unaniwasha, kama nimepakwa uchafu.

Siku ya kufunga nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona. Nikakuta watoto wamehamishiwa darasani, mikeka mipya, mapulizo ukutani, uji kwenye vikombe safi. Mgeni rasmi akaingizwa humo. Afande, jasho linamtoka kwa furaha, akaeleza jinsi "tulivyowajali akina mama wanaolitumikia taifa." Tulivyowajali! Kisha akaja akanichukulia binti yangu mikononi bila hata kuniuliza, akamwinua juu apigwe naye picha. Mtoto analia ananinyooshea mikono, na yeye amechanua meno. Aibu hana.

Picha zilipokwisha akanirudishia mtoto, akainama kama ananipa siri nzuri.

"Mgeni amependa sana. Kozi ijayo njoo tena, watoto wamekuzoea."

"Nije nianze mafunzo upya?"

"Mafunzo ya nini tena? Uje uwalee. Ni kujitolea tu, mama, kwa ajili ya nchi."

Nilitema mate. Yalitua mbele ya buti zake zilizong'arishwa, watu wakaguna. Nikamfunga mwanangu mgongoni, nikaondoka bila kumuaga mtu. Sijafika hata getini nikamsikia mwenzangu mmoja, yule ambaye mwanawe alikuwa halali ila mgongoni kwangu, cheti chake mkononi, akisema, "Afande, tunaomba utusamehe, yule dada hana adabu."